Kupiga picha ya galaksi NGC 4565 ukiwa uani: mwongozo kamili kwa wanaokaa karibu na ikweta

Picha za NGC 4565 zinazonifikia zina kasoro moja. Galaksi ipo, lakini ni mstari mweupe mnene uliovimba katikati, bila ule uzi mweusi wa vumbi unaoipasua kwa urefu wake wote. Mwenye picha huuliza anunue kamera gani. Mara nyingi kamera yake haina kosa lolote. Kosa liko kwenye mhimili wa mtambo unaozungusha kamera kufuata nyota, mhimili ambao huku kwetu karibu na ikweta ni mgumu kuuelekeza, na kwenye muda mfupi wa kukusanya mwanga.

NGC 4565 ni galaksi yenye mikono iliyojikunja kama yetu ya Njia Nyeupe, ila sisi tunaiona kwa ubavu. Urefu wake angani ni dakika 16 hivi za tao (dakika ya tao ni sehemu ya 60 ya nyuzi moja, na sekunde ya tao ni sehemu ya 60 ya dakika hiyo), sawa na nusu ya upana wa mwezi mpevu. Uzi wa vumbi una unene wa sekunde chache tu za tao. Nyota ikivutika kidogo kwenye picha, macho hayasumbuki sana, lakini uzi huo utakuwa umeshafutika. Kwa hiyo kipimo cha kazi nzima ni kimoja: uzi uonekane.

Saa na nyuzi ninazotaja ni za Dar es Salaam. Nairobi, Mwanza au Bujumbura tofauti ni ndogo.

## Vifaa

- Kamera yoyote inayobadilisha lenzi na kuhifadhi picha kwa RAW, yaani faili ghafi. Ya mtumba inatosha.
- Lenzi au darubini ndogo yenye urefu wa fokasi kati ya mm 300 na 600. Kujua pikseli moja inabeba kiasi gani cha anga, zidisha ukubwa wa pikseli (kwa maikroni) kwa 206, kisha gawa kwa urefu wa fokasi. Pikseli ya maikroni 4.3 kwenye darubini ya mm 400 inabeba sekunde 2.2 za tao, na galaksi itachukua pikseli 430 hivi. Kwa lenzi ya mm 200 utapata nusu ya hizo, na uzi utakuwa wa kubahatisha.
- Mtambo wa kufuatilia nyota, yaani treka au mtambo wa kiikweta. Kabla ya kulipa, uliza mhimili wake unashuka hadi nyuzi ngapi. Ipo mitambo ambayo skrubu yake haishuki chini ya nyuzi 15 au 20, na Dar es Salaam unahitaji 7.
- Tripodi nzito, na mfuko wa mchanga wa kuning'iniza.
- Rimoti ya kupanga picha mfululizo, au kompyuta ya kuendesha kamera.
- Betri ya volti 12 iliyojaa. Usitegemee soketi ya ukutani usiku kucha.
- Mkanda wa joto wa lenzi unaotumia USB. Pwani umande hufunika kioo ndani ya saa moja.
- Barakoa ya Bahtinov ya kupatia fokasi, na tochi yenye mwanga mwekundu.
- Programu za bure: Stellarium (ramani ya anga), ASTAP (ya kutambua nyota kwenye picha), Siril (ya kuunganisha picha), na PHD2 (ya kurekebisha mwendo wa mtambo) kama una kamera ndogo ya kuongozea.

Usinunue kichujio cha rangi mbili kinachouzwa kwa ajili ya nebula, yaani mawingu ya gesi angani. Nebula hutoa mwanga wa rangi chache maalumu, lakini galaksi ni mkusanyiko wa nyota na mwanga wake umetapakaa kwenye rangi zote. Kichujio hicho kitaikata galaksi pamoja na mwanga wa mji.

Mwenye darubini janja, ile inayojielekeza na kujiunganishia picha yenyewe, aruke hatua ya 3 na ya 5. Mengine yote yanamhusu.

## Hatua ya 1: Chagua usiku

Galaksi hii iko kaskazini mwa ikweta ya anga (mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia), kwa hiyo kutoka kwetu unaitazama upande wa kaskazini. Dar es Salaam inapanda hadi nyuzi 57, Nairobi hadi 62. Aprili ndipo inapokaa vizuri zaidi usiku, na Aprili ndiyo masika. Tumia vipindi viwili vya pembeni.

Cha kwanza ni Februari. Katikati ya mwezi huo galaksi inafika nyuzi 30 mnamo saa sita usiku, inakuwa kileleni saa tisa na dakika ishirini hivi, na anga inabaki na giza hadi karibu saa kumi na moja alfajiri. Hizo ni saa tano za kazi kwa usiku mmoja.

Cha pili ni Juni. Katikati ya mwezi, giza linapokamilika saa moja na nusu jioni, galaksi iko kileleni tayari. Itashuka chini ya nyuzi 30 kabla ya saa tano usiku. Unapata saa tatu na unalala kwa wakati. Kwa anayeanza, napendekeza Juni: hewa ni kavu zaidi, na mtu asiye na usingizi hufanya makosa machache.

Usipige ikiwa chini ya nyuzi 30, kwa sababu huko mwanga unapita kwenye hewa nene yenye vumbi na moshi. Panga kazi ndani ya siku tano kabla au baada ya mwezi kuandama.

## Hatua ya 2: Andaa uwanja kungali mchana

Tafuta mahali panapoona kaskazini bila kupitisha macho juu ya paa la bati. Bati lililopigwa na jua hutoa joto hadi usiku, na hewa inayocheza juu yake huzivuruga nyota. Tripodi ikae kwenye udongo ulioshindiliwa au sakafu ya zege. Mchanga mtupu huzama taratibu, na roshani hutikisika kila mtu anapotembea ndani.

Taa ya geti ya jirani ikikuelekea, funga kamba na utundike shuka nzito. Kisha mwambie jirani, na mlinzi pia. Mtu aliyeinama gizani saa nane usiku akiwa na kitu chenye umbo la bomba anaweza kueleweka vibaya sana.

Mchana huohuo funga kila kitu, sawazisha uzito, na uzungushe mtambo pande zote kwa mkono. Karibu na ikweta mhimili unakuwa karibu umelala, na chuma cha uzito wa kusawazishia huweza kugonga mguu wa tripodi. Kikigonga, zungusha tripodi hadi chuma kipite kati ya miguu miwili, kisha ning'iniza mfuko wa mchanga ili isipinduke.

Kama skrubu ya mtambo haishuki vya kutosha, fupisha mguu wa kusini wa tripodi. Mtambo unaokomea nyuzi 15 ukiinamishwa nyuzi 8 kuelekea kusini unakupa 7 unazohitaji. Weka uzito mguu wa kaskazini, maana sasa mtambo mzima unaegemea mbele.

Umefaulu ikiwa: mtambo unazunguka kutoka mashariki hadi magharibi bila kugusa chochote, na ukiuachia popote unatulia.

## Hatua ya 3: Elekeza mhimili

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo nenda polepole.

Mafunzo mengi ya mtandaoni yanakuambia utazame Polaris, nyota ya kaskazini. Kutoka Tanzania Polaris iko chini ya upeo wa macho. Mhimili wako unaelekea ncha ya kusini ya anga (nukta ambayo nyota za kusini huonekana kuizunguka), iliyo juu ya upeo wa macho kwa nyuzi sawa na latitudo yako: Dar es Salaam karibu 7, Mombasa 4, Arusha zaidi kidogo ya 3, Songea karibu 11. Kule hakuna nyota angavu ya kukuonyesha njia. Sigma Octantis, iliyo karibu na ncha, ni hafifu hata kwenye anga safi, na kwa nyuzi 7 inamezwa na ukungu wa upeo.

Jambo la kwanza kabisa: kama una treka, weka swichi kwenye S. Ikiwa kwenye N, injini itazunguka kinyume na nyota zitavutika mara mbili ya zinavyovutika bila injini. Uonapo mistari mirefu kwenye picha ya sekunde 30, angalia swichi kabla ya kugusa kitu kingine.

Makadirio. Sawazisha tripodi, isipokuwa kama umeiinamisha makusudi. Weka simu juu ya mhimili, fungua kipimo cha mwinamo, na upandishe hadi latitudo yako. Kwa mwelekeo, tumia dira ya simu mbali na chuma, na uhakikishe imepangwa kuonyesha kusini halisi, si kusini ya sumaku. Juni unaweza pia kuchora mstari wa kivuli cha kijiti jua linapokuwa juu kabisa. Februari njia hiyo haifai, kwa sababu jua liko karibu utosini na kivuli ni kifupi mno.

Usahihi. Mwenye mtambo unaojiendesha na kompyuta atumie programu ya N.I.N.A. pamoja na nyongeza yake ya kulenga kwa nukta tatu. Inapiga picha tatu mtambo ukizunguka, inazitambua nyota, inakuambia kosa ni dakika ngapi za tao na ugeuze skrubu ipi. Haihitaji kuiona ncha, na ndiyo maana inatufaa.

Asiye na mtambo wa hivyo atumie mwendo wa nyota yenyewe:

1. Simamisha injini na upige picha ya sekunde 5. Mstari unaochorwa na nyota ni mashariki-magharibi. Zungusha kamera mpaka mstari huo ulale sambamba na ukingo mrefu wa picha. Sasa juu-chini ni kaskazini-kusini.
2. Washa injini. Elekeza kwenye nyota iliyo karibu na ikweta ya anga na inayokaribia kilele. Katikati ya Februari, mnamo saa mbili na robo usiku, Mintaka inafaa: ni ile inayotangulia kuchomoza katika nyota tatu za mkanda wa Jabari (Orion).
3. Piga picha ya sekunde 5, subiri dakika 5, piga nyingine. Linganisha: nyota imesogea pikseli ngapi juu au chini? Msogeo wa kulia na kushoto upuuze, huo unatokana na gia.
4. Geuza mtambo kidogo sana upande wa mashariki au magharibi, urudie. Msogeo ukipungua, endelea upande huo. Ukiongezeka, rudi.
5. Sasa chagua nyota iliyo chini upande wa mashariki, nyuzi 20 hadi 30 juu ya upeo, na urudie yote, safari hii ukigeuza skrubu ya kupandisha na kushusha mhimili.

Unahitaji usahihi kiasi gani? Mhimili ukikosea kwa dakika 10 za tao, nyota inasogea hadi sekunde 2.6 za tao kila dakika. Kwa mfano wetu wa sekunde 2.2 kwa pikseli, hiyo ni zaidi kidogo ya pikseli moja kwa picha ya sekunde 60. Inakubalika.

Umefaulu ikiwa: ndani ya dakika 5 nyota haisogei juu au chini zaidi ya pikseli 6, kwenye majaribio yote mawili. Ukishafika hapo usiusogeze mguu wa tripodi kwa sababu yoyote.

## Hatua ya 4: Fokasi

Elekeza kwenye nyota angavu kama Arcturus, vaa barakoa ya Bahtinov, kuza picha kwenye skrini. Utaona miale mitatu. Zungusha fokasi mpaka wa katikati upite sawasawa kati ya ile miwili. Zima fokasi ya kiotomatiki na ubandike selotepu kwenye pete. Kisha vua barakoa. Rudia baada ya saa moja, kwa kuwa vyuma husinyaa kadiri usiku unavyopoa.

## Hatua ya 5: Itafute galaksi

NGC 4565 iko kwenye kundinyota la Nywele za Berenike, kati ya Arcturus na mkia wa Simba. Nyota ya kushikia ni 17 Comae Berenices, kwenye kichaka cha nyota hafifu ambacho anga safi ya kijijini hukionyesha kwa macho matupu. Galaksi iko nyuzi 1.7 mashariki yake, karibu kwenye mstari uleule. Ukitazama kaskazini, mashariki ni mkono wako wa kulia.

Mjini hutaiona 17 Comae kwa macho. Elekeza kwa kukadiria na Stellarium, piga picha ya sekunde 15, na uipe ASTAP iitambue. Itakuambia umeangukia wapi, na utasogeza kwa hesabu badala ya kubahatisha.

Umefaulu ikiwa: kwenye picha moja ya sekunde 30 kuna mkwaruzo mfupi, hafifu, uliolala mshazari. Usivunjike moyo kwa ufifi wake. Hivyo ndivyo inavyotakiwa ionekane sasa.

## Hatua ya 6: Piga picha, nyingi

Anza na ISO 800 au 1600, lenzi ikiwa imefunguliwa karibu yote, sekunde 60. Treka bila kamera ya kuongozea ianze na 30, kwa sababu gia yake ina hitilafu inayojirudia kila dakika kadhaa na picha ndefu huikamata. Angalia grafu ya mwanga: kilima kiwe kati ya robo na theluthi kutoka kushoto. Kimesogea kulia zaidi? Punguza sekunde. Anga ya mji inang'aa na inajaza sensa bure.

Kisha muda. Kelele ya picha, yaani chengachenga, hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi, yaani ili uipunguze kwa nusu unahitaji picha mara nne. Picha 60 zikikupa mkwaruzo wenye chengachenga, 240 ndizo zitakazoufungua uzi. Kijijini lenga saa tatu. Katikati ya Dar es Salaam au Nairobi lenga nane au zaidi, kwa usiku mbalimbali. Siril itaziunganisha zote, hata kama usiku mmoja umepishana na mwingine kwa wiki.

Baada ya kila picha 10 sogeza uelekeo kidogo, pikseli chache tu. Ukiwa na PHD2 na programu inayoendesha kamera, hilo hufanyika lenyewe. Sensa yenye joto ina madoa yasiyohama. Usiposogeza, yatajipanga na kuwa mistari kama mvua ikinyesha juu ya galaksi yako.

Kila nusu saa tazama mambo mawili: umande kwenye kioo, na nyaya zisiwe zimenasa.

## Hatua ya 7: Picha za kusahihisha

Wengi huiruka hatua hii wakiwa na usingizi. Kwenye joto letu haifai kurukwa.

Za giza. Funika lenzi, ISO ileile, sekunde zilezile, picha 20 hadi 30. Zipige palepale uani kabla ya kufungasha. Kelele ya joto la sensa hukaribia kuongezeka maradufu kwa kila nyuzi 6 za Selsiasi, kwa hiyo za giza ulizopiga kesho yake chumbani penye kiyoyozi haziwezi kusahihisha picha za usiku wa nyuzi 27.

Bapa. Tandaza fulana nyeupe mbele ya lenzi bila makunyanzi, iwekee skrini ya kompyuta iliyo nyeupe, piga 25 kilima cha grafu kikiwa katikati. Usiguse fokasi wala kuzungusha kamera kabla ya hizi. Kazi yake ni kufuta vivuli vya vumbi lililo mahali palepale.

Za msingi. Lenzi imefunikwa, kasi ya shata ya juu kabisa, picha 30.

## Hatua ya 8: Unganisha na uichakate

Kwanza fungua picha moja moja kwa ukubwa kamili na utupe kila yenye nyota zilizovutika. Ukitupa theluthi, tupa. Picha mbovu haiongezi mwanga, inapanua uzi mpaka ufutike.

Kwenye Siril tengeneza folda nne zenye majina haya hasa: lights, darks, flats, biases. Kwa mpangilio huohuo ni za picha za galaksi, za giza, bapa na za msingi. Endesha skripti ya kamera ya rangi. Ukipata picha iliyounganishwa, fuata mpangilio huu:

1. Kata kingo zenye mabaki ya kusogeza.
2. Ondoa mng'ao wa anga. Weka nukta za sampuli kwenye anga tupu, mbali na ncha mbili za galaksi. Ncha hizo ni hafifu sana, na nukta ikikaa juu yake programu itadhani ni taa za mji na kuzifuta. Galaksi iliyokatika ncha nimeiona mara nyingi.
3. Sahihisha rangi kwa kutumia nyota zenyewe. Unahitaji intaneti ili Siril isome katalogi.
4. Vuta mwanga, yaani ng'arisha sehemu hafifu, kidogo kidogo, mara nyingi. Uzi wa vumbi unaonekana wazi zaidi pale unapopita mbele ya kitovu, kwa hiyo kitovu kikiungua kuwa cheupe, uzi umeondoka nacho. Kitovu kibaki na rangi ya manjano.
5. Acha anga iwe kijivu kilichokolea, isiwe nyeusi tititi. Weusi kamili humeza ncha za galaksi.
6. Punguza kelele kwa uchache. Galaksi ikianza kung'aa kama plastiki, rudi nyuma.

Umefaulu ikiwa: uzi mweusi unaanzia upande mmoja, unakatiza kitovu pembeni kidogo ya katikati, na unaendelea upande wa pili. Tafuta pia galaksi ndogo NGC 4562, dakika 13 hivi za tao kusini-magharibi. Ikionekana, umekusanya mwanga wa kutosha.

## Uzi haukuonekana?

Tazama nyota. Zimevutika zote upande mmoja: rudi hatua ya 3. Ni duara lakini zimevimba: fokasi, umande, au joto la paa. Ni ndogo na safi, na galaksi ni chengachenga: huna kosa, ongeza saa. Kila kitu ni safi ila kitovu ni cheupe: picha ni nzima, irudie kuanzia hatua ya 8, namba 4.

## Miezi mingine

Mbinu hizi zinafanya kazi kwa galaksi nyingine za ubavu, na anga yetu ya kusini ina nzuri ambazo watu wa Ulaya hawazipati kwa urahisi. NGC 4945 ya kundinyota la Kantarusi (Centaurus) inakuwa kileleni karibu wakati uleule na NGC 4565, ila upande wa kusini, nyuzi 47 kutoka Dar es Salaam. Ina urefu wa dakika 20 hivi na inang'aa zaidi, kwa hiyo kama ukuta wa jirani umeziba kaskazini, anza nayo. Kuanzia Septemba hadi Novemba geukia NGC 253, inayopita nyuzi 71 juu; imeinama kidogo zaidi, vumbi lake limetawanyika mabaka mabaka, na ni pana kiasi kwamba hata lenzi ya mm 200 inaitosha.